Maswali ya Wasomaji: Juu ya Chuma Kitupu

Toleo lililopita lilikuwa na ile picha mashuhuri ya mafundi waliokaa juu ya boriti ya chuma wakila, miguu ikining'inia juu ya mji wa New York. Barua zilizokuja kwa sababu yake zimezidi hata zile za bei ya karafuu, jambo ambalo kwetu hapa si la kawaida. Tumechagua saba. Ndefu tumezifupisha, na majina tumeyaacha.

*Ile picha ni ya kweli au ya kuunganisha? Na mbona hakuna hata mmoja aliyefungwa kamba?*
Mwanafunzi wa skuli, Chake Chake

Mwanetu, picha ni ya kweli, lakini ilipangwa. Ilipigwa tarehe 20 Septemba 1932 kwenye ghorofa ya 69 ya jengo la RCA, katika Rockefeller Center, na ikatoka katika gazeti la New York Herald Tribune tarehe 2 Oktoba. Watu wote 11 walikuwa wafanyakazi wa jengo lile lile. Wapiga picha waliitwa ili jengo litangazwe, maana uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka na kila mwenye ghorofa alikuwa akitafuta wapangaji. Usidhani basi kwamba ndivyo walivyokula kila siku. Kwenye jengo la Empire State, lililojengwa mwaka mmoja au miwili kabla, wafanyakazi walifunguliwa migahawa ya muda ndani ya jengo, kwani kushuka chini kula na kupanda tena kungemaliza saa ya mapumziko njiani.

Ambacho picha haikuonyesha ni kilichopo chini ya boriti. Kwa desturi ya kazi ile, ghorofa moja au mbili chini ya pale wanapofunga chuma palitandikwa mbao. Ukiangukia ndani ya jengo, unashuka mita 4 hadi 8. Unaweza kuvunjika, unaweza kufa, unaweza kupona. Ukiangukia nje, kutoka kimo kile cha mita 250 hivi, ni sekunde 7 mpaka barabarani. Fundi mzoefu hakuacha kukumbuka upande wa ndani ni upi.

Habari ya kamba utaisoma mbele, kwenye jibu la fundi wa Kiembe Samaki.

*Wazee wetu walijenga Mji Mkongwe kwa mawe na chokaa, na waashi walianguka pia. Hayo maghorofa ya chuma yalileta hatari gani mpya?*
Mwalimu, Mkunazini

Swali zuri, na tarehe zenyewe zinapendeza. Sayyid Barghash alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883. Miaka miwili baadaye, 1885, Chicago ikamaliza jengo la Home Insurance, ghorofa 10, mita 42, ambalo wengi hulihesabu kuwa ghorofa refu la kwanza lenye kiunzi cha chuma.

Ukuta wa mawe unajibeba wenyewe, na unavyopanda ndivyo unavyotaka unene zaidi chini. Jengo la Monadnock la Chicago, lililokamilika 1891 likiwa na ghorofa 16 za kuta za matofali, lilihitaji ukuta wa karibu mita 1.8 kwenye msingi. Kwa njia hiyo huendi mbali. Kiunzi cha chuma kikabeba mzigo wote, na ukuta ukawa nguo tu ya kuvishwa baadaye.

Hapo ndipo hatari mpya ilipozaliwa. Mwashi wa Mji Mkongwe husimama juu ya kitu alichokijenga jana, na ukuta mpana upo mbele yake. Fundi wa chuma hufika mahali kabla ya sakafu, kabla ya ukuta, kabla ya ngazi. Anatembea juu ya boriti yenye upana wa sentimita 15 au 20, asubuhi ina umande, mchana ina mafuta na vumbi la kutu. Na kila baada ya siku chache anahamia juu zaidi, kwenye kiunzi kipya ambacho bado kinashikwa na bolti mbili mbili. Jengo la Empire State lilipokuwa katika kasi yake lilipanda ghorofa nne na nusu kwa wiki. Mahali pa kazi ulipopazoea Jumatatu, Ijumaa hapapo tena.

*Mimi ni fundi wa kuchomelea. Nimesoma kwamba zamani hawakuchomelea, walipiga ribiti za moto angani. Ilifanyikaje, na ipi ilikuwa hatari yake hasa?*
Fundi wa chuma, Fumba

Ribiti ni pini nene ya chuma yenye kichwa upande mmoja, ya kuunganishia mabamba. Kundi la kuzipiga lilikuwa la watu wanne, na hakuna aliyefanya kazi peke yake. Mmoja akiumwa, kundi zima lilikaa.

Wa kwanza ni mchomaji. Ana tanuri dogo la makaa lenye kipepeo cha kupulizia, limewekwa juu ya mbao chache. Anazipasha ribiti mpaka ziwe rangi ya machungwa inayong'aa, nyuzi 1,000 za Selsiasi hivi. Kupasha ni ujuzi: ikiwa baridi, haitajaza tundu, ikizidi moto, inaanza kutoa cheche na chuma kinaharibika. Anaikamata kwa koleo refu na kuirusha, mara nyengine mita 10 na zaidi, juu au chini ya alipo.

Wa pili ni mdakaji. Huidaka ribiti kwa kopo, mwanzoni kopo la rangi tu, baadaye ndoo ya bati yenye umbo la pia. Anaitoa kwa koleo, anaigonga kwenye boriti ili majivu yadondoke, kisha anaisukuma katika tundu. Tundu lilitobolewa likiwa kubwa kuliko ribiti kwa milimita 1.6 tu, kwa hiyo majivu kidogo yakibaki haiingii, na sekunde zinakwenda.

Wa tatu ni mkingaji, ambaye hukibana kichwa cha ribiti kwa chuma kizito kwa nguvu za mwili wake wote. Wa nne, upande wa pili, ana nyundo ya upepo inayovuta hewa kutoka kwenye kompresa kwa mpira mrefu, na ndiye anayeuponda mkia mpaka uwe kichwa cha pili. Ribiti ikipoa hunywea, na kule kunywea ndiko kunakobana mabamba. Kundi zuri lilipiga ribiti mia kadhaa kwa siku.

Sasa hatari. Ya wazi ni ribiti iliyokosewa kudakwa. Ribiti ya kawaida, nene milimita 22, ina uzito wa gramu 300 hivi. Ikianguka mita 100, bila kuhesabu upinzani wa hewa, inafika chini kwa kasi ya karibu kilomita 160 kwa saa. Pigo lake ni sawa na la ndoo ya lita 10 ya maji iliyodondoka kutoka dari ya mita 3, isipokuwa ndoo hupiga kwa kitako kizima na ribiti hupiga kwa ncha, tena ikiwa moto.

Isiyoonekana ni mbao. Mdakaji, mkingaji na mpigaji walisimama juu ya mbao mbili au tatu zilizolazwa juu ya boriti au kuning'inizwa kwa kamba. Kila kiungo kilipokwisha, mbao zilihamishwa, na anayezihamisha wakati huo hana pa kusimama ila boriti yenyewe. Kumbuka pia kwamba ili ribiti iingie lazima kwanza itolewe bolti ya muda iliyomo, na mpigaji anaiegemea nyundo yake kwa uzito wote. Nyundo ikiteleza kwenye kichwa cha ribiti, hakuna kinachomzuia asiende nayo.

Ya tatu ni masikio. Nyundo ya upepo juu ya chuma, kutwa nzima, miaka kumi: wapiga ribiti wengi walizeeka viziwi. Na hata kabla ya uzee, mtu asiyesikia haisikii "angalia!" ya mwenzake. Wewe wa kuchomelea leo una moshi na macho ya kuyaangalia, lakini mambo ya kurushiana moto hewani umesalimika nayo.

*Mwanangu ana miaka 20. Tokea mdogo anapanda mikarafuu, kimo hakimtishi. Sasa anataka kwenda mjini kwenye majengo. Watu wanamwambia kuna Wahindi Wekundu wa Marekani waliozaliwa bila khofu ya juu, na yeye yuko kama wao. Ni kweli?*
Mama, Mtambwe

Mama yetu, hao watu wapo, ila hadithi waliyopewa si yao. Ni Wamohawk wa Kahnawake, karibu na Montreal, Kanada. Mwaka 1886 lilijengwa daraja la reli kuvuka mto St. Lawrence kupitia kwenye ardhi yao, na vijana wao wakaajiriwa. Wakajifunza kazi, wakawafundisha ndugu zao, na kazi ikawa ya ukoo, kama ukwezi ulivyo wa ukoo katika baadhi ya vijiji vyetu. Baadaye wakawa maarufu New York. Wenyewe wamesema mara nyingi kwamba khofu wanayo kama mtu yeyote. Tofauti ni kwamba mdogo alikaa na mjomba au kaka aliyemwonyesha pa kuweka mguu.

Na hawakuwa na kinga yoyote. Tarehe 29 Agosti 1907 daraja la Quebec lilianguka likiwa linajengwa, kwa sababu uzito wake ulikuwa umekadiriwa chini ya ulivyo na vyuma vya kubeba mgandamizo vikajikunja. Walikufa watu 75, na 33 kati yao ni Wamohawk wa Kahnawake. Inasimuliwa kwamba baada ya msiba ule wanawake wa mji walitaka wanaume wao wasirundikane tena kwenye kazi moja.

Kuhusu mwanao: anacho kitu cha thamani, miguu inayojua kimo. Lakini mkarafuu umemfundisha mengine ambayo yatamponza mjini. Mtini mikono yake hushika siku zote, na hatua haihamishwi kabla tawi halijajaribiwa; tawi la mkarafuu halipindi likaonya, hukatika tu, na mchumaji anajua. Kwenye jengo mikono imebeba kitu: ndoo ya zege, nondo, mbao. Na ubao wa jukwaa haujaribiki kwa kuutazama. Mtini anapanda peke yake; kwenye jengo anapanda juu ya kazi ya mtu mwengine aliyefunga kamba vibaya jana. Mwambie mambo mawili kabla hajaondoka. Asikanyage ubao ambao hakuona umekalia wapi ncha zote mbili. Na asione haya kuvaa mkanda mbele ya wenzake wanaojisifu, maana mita 8 za mkarafuu zinatosha kumfikisha mtu chini kwa kasi ya kilomita 45 kwa saa, na ghorofa ya pili ni kimo hicho hicho.

*Nimesikia tokea ujana wangu kwamba kila ghorofa moja ya majengo yale ilikula mtu mmoja. Hesabu ya kweli ni ipi?*
Mzee, Kikwajuni

Mzee wetu, kwa majengo mashuhuri hesabu hiyo haisimami. Empire State ina ghorofa 102 na chuma cha tani 57,000. Ilianza kujengwa tarehe 17 Machi 1930, ikafunguliwa 1 Mei 1931, na wakati wa pilika kubwa ilikuwa na wafanyakazi 3,400 kwa siku. Hesabu rasmi ya waliokufa ni watano.

Lakini tazama walikufaje, kwa namna inavyotajwa kwa kawaida. Mmoja aligongwa na lori. Mmoja alitumbukia katika shimo la lifti. Mmoja alipigwa na winchi ya kupandishia vitu. Mmoja alikuwa eneo la kulipulia baruti. Mmoja alianguka kutoka jukwaani. Hakuna hapo mtu aliyeteleza juu ya boriti mbele ya kamera. Pale ambapo kila mtu anaogopa, kila mtu anaangalia. Shimo la lifti halina sifa, limefunikwa na karatasi ya mbao isiyopigiliwa, na mtu anairudia kinyumenyume akivuta toroli.

Hesabu hiyo pia haiwataji waliovunjika migongo wakaishi, wala viziwi.

Kilichopunguza vifo kwa kiasi kikubwa ni fedha, tusifichane. Kabla ya 1910, mjane wa fundi New York alilazimika kwenda mahakamani, na tajiri alikuwa na ngao tatu: marehemu aliijua hatari akaikubali, marehemu alichangia kosa, au kosa lilikuwa la mfanyakazi mwenzake. Ngao moja tu ilitosha. Jimbo la New York lilitunga sheria ya fidia 1910, mahakama ikaifuta 1911, ikarudi kwa nguvu zaidi 1914. Bima ilipoanza kupanda kwa kila mguu uliovunjika, mbao za kutandika zikaonekana rahisi ghafla. Kwenye daraja la Golden Gate, San Francisco, lililojengwa 1933 hadi 1937, ulitandazwa wavu chini ya kazi kwa gharama ya dola 130,000 hivi, na kofia ngumu zikalazimishwa. Wavu ule uliokoa watu 19. Tarehe 17 Februari 1937 jukwaa zima likachomoka, likauchana, na watu 10 wakafa. Wavu uliwekwa kudaka mtu, haukuwekwa kudaka jukwaa.

*Nina kikundi cha vijana sita, tunajenga nyumba za ghorofa mbili na tatu. Nimenunua mikanda ya kiunoni. Inatosha? Na kwa nini hao wa zamani hawakuivaa?*
Fundi, Kiembe Samaki

Haitoshi, na sababu ya kutotosha ndiyo mojawapo ya sababu zilizowafanya wa zamani wasiivae.

Chukua mtu wa kilo 80 aliyefungwa kiunoni kwa kamba ya mita 1.8 isiyovutika. Akianguka urefu wote wa kamba na kusimamishwa ndani ya sentimita 10, kiuno chake kinapokea nguvu ya karibu tani moja na nusu. Mbavu, wengu, uti wa mgongo: kimojawapo hakitavumilia. Wengine huchomoka wakapitia kwenye mkanda. Kamba zao zilikuwa za katani, zikiloa na kukauka zinaoza kwa ndani huku nje zikipendeza. Na fundi wa kupokea boriti kutoka kwenye winchi alitaka awe huru kuruka pembeni boriti ikija kwa kishindo, kwani mwendesha winchi alikuwa chini, hamuoni, anafuata kengele tu. Marekani yenyewe ilikataza mkanda wa kiunoni kwa kuzuia anguko kuanzia 1 Januari 1998. Mikanda yako usiitupe: inafaa kumzuia mtu asifike ukingoni, kwa kamba fupi ambayo ikinyooka bado yuko hatua moja ndani.

Kwa kuzuia anguko unataka mkanda wa mwili mzima, unaopita mapajani na mabegani, pete iko mgongoni kati ya mabega, na kamba yenye kile kifurushi cha utepe ulioshonwa kwa kukunjwa, ambacho hufumuka polepole mtu anapoanguka. Kifurushi hicho kinashusha pigo mpaka chini ya kilo 600 hivi.

Hapa ndipo mafundi wengi wa nyumba ndogo wanapokosea hesabu. Jumlisha: kamba mita 1.8, kufumuka kwa kifurushi mita 1.1, kutoka pete ya mgongoni hadi nyayo mita 1.5, na akiba mita 1. Jumla mita 5.4 chini ya mahali ulipofunga kamba. Kijana wako yuko kwenye slebu ya kwanza, mita 3.5 kutoka chini, na amefunga kamba miguuni pake: atafika chini kabla kifurushi hakijafumuka. Kwa hiyo funga juu ya kichwa, au tumia kamba fupi, au, bora kuliko yote kwa ghorofa ya kwanza, weka kizuizi cha ukingoni: mhimili wa juu kwenye mita 1.1, wa kati nusu yake, na ubao wa chini wa sentimita 10 hadi 15 ili nyundo isisukumwe kwa mguu ikaangukia mtu.

Mahali pa kufungia kamba pawe pa kuhimili zaidi ya tani 2 kwa kila mtu. Nguzo ya zege iliyokomaa, izungushiwe mshipi wake maalumu. Nondo moja iliyochomoza si mahali. Bomba la jukwaa si mahali. Boriti ya mkoko ndiyo kabisa.

Jukwaa lenyewe: miguu ikalie vipande vya mbao, si mchanga mtupu, maana mvua moja ya masika inazamisha mguu mmoja na jukwaa zima linainama. Likizidi kimo mara nne ya upana wake, lifungwe kwenye jengo. Ncha ya ubao ipite boriti kwa sentimita 15 angalau, isizidi 30. Ikiwa fupi inachomoka, ikiwa ndefu mtu anaikanyaga na inampindua kama pembea. Ngazi: kwa kila mita 4 za kupanda, kitako kisogee mita 1 kutoka ukutani, na juu ipite sakafu kwa karibu mita 1 ili mkono upate pa kushika. Mashimo yote ya sakafu yafunikwe na kifuniko kipigiliwe.

Mkanda uliokwisha kudaka mtu hautumiki tena. Ule uliopauka kwa jua au wenye alama za saruji iliyoingia kwenye mshono, ukate vipande usije ukaokotwa na mwengine. Na kabla hujampandisha mtu, ujue utamshushaje. Aliyening'inia bila kusogeza miguu, mikanda ya mapajani inabana damu isirudi juu, anaweza kuzimia ndani ya dakika chache. Ngazi ndefu iwepo pale pale, siyo "tutaazima kwa jirani".

*Siku za kusi upepo wa kiasi gani ni wa kusimamisha kazi juu? Na vijana wakiwa wamefunga saumu?*
Msimamizi wa ujenzi, Mkoani

Usimtazame mtu, tazama anachobeba. Karatasi ya plaiwudi ya mita 1.2 kwa 2.4, ikikabiliwa na upepo wa kilomita 36 kwa saa, inasukumwa kwa nguvu kama ya kilo 20. Upepo ukiwa mara mbili yake, nguvu inakuwa mara nne, kilo 80, na hapo karatasi ndiyo inayombeba mtu. Kwa hiyo mabati na plaiwudi vinasimama mapema, wakati kufunga nondo bado kunaendelea. Vilivyokwisha kupandishwa vilazwe na vifungwe kabla ya watu kushuka, kwani upepo wa usiku haumsubiri msimamizi.

Mwezi wa Ramadhani, kazi za ukingoni zifanywe baada ya alfajiri hadi saa nne asubuhi, mtu bado ana maji ya daku mwilini. Mchana wapeni kukunja nondo chini, kivulini. Kijana akisema kichwa kinamzunguka, asishuke peke yake: mmoja atangulie chini yake kwenye ngazi.